Naomba ushauri: macho mawili ya mgonjwa mmoja, na kifo kinachotangulia upofu

Ndugu wataalamu wa takwimu, ninachambua muda unaopita hadi jicho kupofuka kwa wagonjwa wa kisukari, ambapo kila mmoja ametibiwa jicho moja tu. Kifo hukatisha ufuatiliaji wa macho yote mawili siku ileile, na nikimhesabu marehemu kama aliyetoka tu kwenye utafiti, mbinu ya Kaplan na Meier, inayokadiria uwezekano wa tukio kadiri muda unavyopita, hukuza uwezekano wa upofu. Modeli ya Fine na Gray ya mwaka 1999 inakizingatia kifo kama tukio shindani, yaani linalozuia upofu kutokea, lakini katika umbo lake la kawaida huyachukulia macho hayo kana kwamba ni ya watu wasiohusiana, jambo ambalo silikubali. Je, niongeze kigezo fiche, yaani sifa ya mgonjwa isiyopimwa, kinachoshirikiwa na macho yote mawili, au nirekebishe tu makosa sanifu (kipimo cha shaka iliyomo kwenye makadirio) kwa kumhesabu kila mgonjwa kama kundi? Ninachotafuta hasa ni athari ya matibabu ndani ya mgonjwa yuleyule.