Star Trek: mgeni aanze na filamu au na mfululizo wa televisheni?

Msomaji wa Lanet, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha marafiki hapa Lanet tunaokutana Jumamosi jioni kutazama bunilizi za kisayansi ukutani kwa projekta, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiufuata mfululizo wa Star Trek, yaani safari za chombo cha angani Enterprise na maofisa wake, tukianzia ule wa kwanza uliorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1969. Wengi wetu tumezitazama sehemu zake zote 79, na sasa tumefika kwenye filamu za sinema. Hivi karibuni wamejiunga nasi vijana wa chuo ambao hawajaona hata sehemu moja, nao wanaomba tuwaonyeshe filamu peke yake, kwa hoja kwamba filamu humalizika kwa kikao kimoja na picha zake ni safi kuliko za televisheni ya miaka ya 1960.

Mimi nasita, na sababu yangu ni The Wrath of Khan ya 1982. Najua mgeni ataielewa, kwa kuwa mwongozaji Nicholas Meyer aliiunda iweze kujitegemea: kuna adui aitwaye Khan, kuna chombo cha kisayansi chenye uwezo wa kuangamiza sayari, kuna nahodha anayezeeka na kuzawadiwa miwani ya kusomea siku yake ya kuzaliwa. Lakini Khan huyo, akiigizwa na Ricardo Montalbán yule yule, alikwisha kutokea mwaka 1967 katika sehemu iitwayo "Space Seed", ambamo Nahodha Kirk, baada ya kumshinda, alimsamehe adhabu, akampa yeye na wafuasi wake sayari isiyo na watu waijenge. Spock, ofisa msaidizi wake, akasema pale pale kwamba ingependeza kurudi baada ya miaka mia moja kuona mbegu ile imezaa nini. Filamu inarudi baada ya miaka 15, na tunaambiwa kwamba sayari jirani ililipuka miezi sita tu baada ya Kirk kuondoka, makao ya Khan yakageuka jangwa, mkewe akafa, na katika muda wote huo hakuna aliyepita kuwajulia hali. Mgeni ataona mtu mwenye hasira iliyopita kiasi. Aliyeiona sehemu ile anajua kwamba Kirk alitenda wema kisha akausahau, na anajua hivyo tangu dakika Khan anapovua kitambaa usoni.

Kwa hiyo nauliza: je, kuna haja ya kuwapitisha vijana hawa katika mfululizo kabla ya filamu, na kama ipo, ni sehemu zipi zisizofaa kurukwa? Ningependa hasa kuwasikia wale walioanza na filamu.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Ndugu wa Lanet, "Space Seed" waonyeshe jioni hiyo hiyo, kabla ya filamu, maana haifiki saa moja. Ugumu mimi nauona kwenye filamu ya kwanza, ile ya 1979 iliyoongozwa na Robert Wise, ambayo watu wengi huiruka wakidai inakwenda polepole.

Tazameni pale Kirk na Scott, mhandisi wake, wanapokizunguka chombo cha Enterprise gatini kwa chombo kidogo, dakika kadhaa karibu bila maneno, muziki wa Jerry Goldsmith ukipanda taratibu. Mgeni atauliza kwa nini anaonyeshwa chombo kimoja kutoka kila upande. Jibu limo katika yale yaliyotangulia. NBC ilipoelekea kuufuta mfululizo baada ya msimu wa pili, Bjo Trimble na mumewe John waliwahamasisha watazamaji waandike barua, nazo zikaja kwa wingi hata kituo kikatangaza hewani mwaka 1968 kwamba mfululizo ungerudi. Ukarudi kweli, lakini ukapangiwa Ijumaa saa nne usiku, wakati ambapo vijana walioupenda hawakuwa nyumbani, na baada ya msimu huo ukafungwa. Ulibaki hai kwa marudio tu katika miaka ya 1970, na marudio hayo ndiyo yaliyoukuza kuliko ulivyokuwa mwanzoni. Mwaka 1972 mashabiki wakafanya kongamano lao New York. Kisha ukaanza kuandaliwa mfululizo mpya, ambao nao uliachwa njiani ikatengenezwa filamu. Dakika zile za kukizunguka chombo ziliwekwa kwa ajili ya watu waliokingoja kwa miaka kumi. Aliyekaa ugenini muda mrefu akirudi hukagua boma lote kabla ya kuketi, na hakuna anayemwambia kwamba anachelewesha chakula. Mimi naona pale heshima kubwa ambayo watengenezaji waliwapa watazamaji wao, na naipenda filamu ile kwa sababu hiyo.

Niongeze habari ya Nichelle Nichols, aliyemwigiza Luteni Uhura. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakimwona pale kama mtu sawa na wengine. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, mwaka 1992, alisema kwamba Uhura alimtia moyo tangu utotoni, naye mwaka uliofuata akaigiza katika sehemu moja ya The Next Generation, mfululizo wa baadaye wenye Enterprise mpya na nahodha mwingine, Picard. Katika filamu Uhura hupewa maneno machache kuliko anavyostahili, na kijana anayeanzia huko anaweza kumpita bila kumwona. Hilo peke yake, kwangu, linatosha kudai mfululizo utangulie.

Amalemba, Kakamega

Kwa heshima zote, Mwalimu, mimi ni mmoja wa walioanza na filamu, na sioni kama nilipungukiwa.

Nilikutana na First Contact ya 1996 katika kibanda cha video, na kama ilivyo katika vibanda vingi vya kwetu, palikuwa na msimulizi aliyezungumza juu ya sauti ya filamu, akitueleza kila kinachotendeka na mengine ambayo filamu haikuyasema. Nahodha Picard wa The Next Generation alipoamka kutoka katika ndoto yake mbaya mwanzoni kabisa, msimulizi alitueleza kwamba hawa Borg, viumbe nusu mtu nusu mashine, walikwisha kumteka nahodha huyu, wakamtia vyuma mwilini na kumtumia kuwaangamiza wenzake. Maneno machache tu, na kibanda kizima kilikuwa upande wa Picard hadi mwisho. Sikuwahi kuhisi kwamba nimeingia katikati ya mazungumzo ya watu wengine.

Baadaye nilipoipata "The Best of Both Worlds" ya 1990, ambamo Picard anatekwa, niliitazama nikijua kwamba ataokolewa. Wenzetu wa Marekani waliiona sehemu ya kwanza ikikatikia pabaya, wakangoja miezi mitatu kupata ya pili. Mimi sikuwa na wasiwasi huo, lakini nilikuwa na kitu kingine: kila alipocheka na maofisa wake mwanzoni mwa sehemu ile, nilijua kinachomngojea, na nilimwonea huruma kabla yeye mwenyewe hajajua lolote. Sidhani kwamba njia moja ni halali na nyingine ni ya mkato. Ni furaha mbili tofauti, na bahati mbaya mtu hawezi kuzipata zote mbili.

Kwa vijana wa Lanet ningependekeza The Voyage Home ya 1986, iliyoongozwa na Leonard Nimoy, yaani Spock mwenyewe. Haina adui wala vita. Chombo kisichojulikana kinaikaribia dunia kikitafuta sauti ya nyangumi wenye nundu, ambao katika karne ya 23 walikwisha kutoweka, kwa hiyo Kirk na wenzake wanarudi San Francisco ya 1986 kuwatafuta. Chekov, ofisa Mrusi wa Kirk, anasimama barabarani katika miaka ya Vita Baridi akimuuliza polisi ziko wapi meli za nyuklia! Waelezeni tu kwa kifupi kwamba Spock alikufa katika filamu ya pili na kurejeshwa katika ya tatu, kisha waacheni wafurahi.

Dada wa Milimani, Kisumu

Kaka wa Amalemba amesema kweli kuhusu First Contact, lakini kuna sehemu moja ambayo msimulizi wa kibandani hakuigusa, na bila hiyo nadhani filamu inapoteza nusu ya uzito wake.

Baada ya Picard kuokolewa mwaka 1990, waandishi wangeweza kumrudisha kazini wiki iliyofuata kana kwamba hakuna lililompata, kwa kuwa ndivyo televisheni ya wakati ule ilivyozoea. Badala yake waliandika "Family", ambamo Picard anakwenda kwa kaka yake katika mashamba ya mizabibu huko Ufaransa. Hakuna chombo cha angani kinachopigana, hakuna hatari yoyote. Ndugu hao wawili wanagombana, wanaangushana matopeni, wanacheka, na ghafla Picard analia na kukiri kwamba hakuwa na nguvu za kuwazuia Borg wasimtumie kuua. Patrick Stewart hajawahi kuigiza vizuri zaidi ya pale. Ukiishaiona, hasira yake katika filamu huioni tena kama ushujaa.

Na hapa kuna jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi. Katika filamu hiyo yuko Lily, aliyeigizwa na Alfre Woodard, mwanamke wa karne ya 21 anayejikuta ndani ya Enterprise bila kumjua mtu yeyote. Maofisa wote wamemfahamu Picard kwa miaka mingi, wanampenda, wanamtii, na hata anapomwita ofisa wake Worf mwoga hakuna anayethubutu kumrekebisha. Ni Lily, asiyejua historia yake, anayemwambia usoni kwamba anachotafuta ni kisasi. Jonathan Frakes, aliyeigiza Riker, msaidizi wa Picard, tangu 1987 na ndiye aliyeongoza filamu, alilipa onyesho lile nafasi yote linayostahili. Kwa hiyo watazamaji wa aina zote mbili wamo ndani ya filamu: mwenye kumjua Picard anaelewa kwa nini wenzake wananyamaza, na mgeni anasema pamoja na Lily. Nawashauri muwaketishe vijana na wazee wa kikundi pamoja, kisha mzungumze juu ya onyesho hilo moja. Mtapata mazungumzo ya usiku mzima.

Msomaji wa Lanet, Nakuru

Nawashukuru nyote. Kijana mmoja ameshatazama "Space Seed" kwa simu yake, naye ananiuliza imekuwaje Khan amtambue Chekov katika filamu, ilhali Walter Koenig alijiunga na mfululizo katika msimu wa pili, na sehemu ile ni ya msimu wa kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Mwambie kwamba Chekov alikuwa tayari chomboni, ila zamu yake ya kazi haikuwa mbele ya kamera. Mashabiki wamelijibu hivyo kwa miaka mingi, na kijana aliyeliona kosa hilo mwenyewe, bila kudokezwa, hamhitaji tena kumshawishi atazame mfululizo.

Mzee wa Bungoma

Nimewasoma nyote kwa makini, na nina hoja ambayo haijatajwa.

Kwanza, kuhusu The Undiscovered Country ya 1991. Mwezi wa sayari ya Waklingon, maadui wa siku nyingi wa upande wa Kirk, unalipuka, dola yao inakabiliwa na kuporomoka, na Kirk anatumwa kumsindikiza kiongozi wao kwenye mazungumzo ya amani, ingawa anawachukia tangu walipomuua mwanawe David katika filamu ya 1984. Filamu hiyo ilitoka mwezi wa Desemba, wakati Umoja wa Kisovieti unavunjika, na baada ya kifo cha mwanzilishi Gene Roddenberry mwezi Oktoba. Mgeni akifika kwenye kesi ya Kirk ataona wakili wa Kiklingon anayejitahidi. Mfuasi wa mfululizo ataona uso wa Michael Dorn, anayeigiza babu ya Worf, yule Mklingon aliyekuwa ofisa wa Enterprise kwenye televisheni tangu 1987. Yaani mfuasi anaitazama filamu nzima akijua kwamba amani itapatikana, na bado anaogopa kuona itapatikana kwa gharama gani.

Lakini hoja yangu kubwa ni Deep Space Nine, mfululizo mwingine wa Star Trek uliodumu kwa misimu saba, 1993 hadi 1999, na ambao haukupata filamu hata moja ya sinema. Anayetazama filamu pekee hatamjua kamwe Nahodha Sisko wa Avery Brooks, wala Meja Kira Nerys, mwanamke aliyepigana msituni tangu ujana wake dhidi ya Wakardashia walioikalia nchi yake Bajor, na ambaye sasa, baada ya wakoloni kuondoka, lazima ajifunze kuendesha ofisi, kujadiliana na waliokuwa adui zake, na kuishi na yale aliyoyatenda. Sisi tuliokulia Bungoma tukisikia wazee wakisimulia habari za Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa waliofungwa na serikali ya kikoloni tunamwelewa Kira bila mkalimani.

Itafuteni sehemu iitwayo "Duet" ya 1993. Karibu yote ni mazungumzo ya watu wawili, mmoja akiwa ndani ya seli. Kira anaamini amemkamata mkuu wa kambi ya kazi za shokoa ambako Wabajori wengi waliuawa, na mfungwa anajigamba mbele yake kwa ukatili huo. Mtu huyo alikuwa karani tu kambini, aliyeziba masikio usiku asisikie vilio, na amejitwika jina la mkuu wake ili ahukumiwe na watu wake walazimike kukiri walichofanya. Mwisho wake sitausema, kwa ajili ya vijana. Haihitaji kutanguliwa na sehemu nyingine yoyote. Inamalizika kwa kikao kimoja, na kwa muda mfupi kuliko filamu waliyoiomba. Ningeanza na hiyo Jumamosi hii, kisha ningewauliza wao wenyewe wanataka nini Jumamosi ijayo.