Naomba ushauri: Kitaliano kwa simu, na bando ndiyo hiyo

Mwalimu_wa_Jioni
Assalam aleikum wanajukwaa. Nafundisha Kitaliano jioni hapa Malindi: wahudumu wa hoteli, madereva wa tuktuk, vijana wanaotembeza wageni ufukweni. Masika hii watu wana nafasi, ila Julai wageni wakirudi darasa linabaki mimi na mbu. Nataka masomo yawafuate kwenye simu. Shida ni bando, wengi hununua ya siku, wengine ya saa. Wapo wanaotumia Duolingo, ile programu ya kujifunzia lugha, na pointi zao ziko juu, lakini mgeni akiuliza nauli ya Gede wanaduwaa. Tena kozi yenyewe inapitia Kiingereza, na kwa baadhi yao hicho nacho ni cha kubabaisha. Nifanyeje?

BintiMaweni
Waleikum salaam mwalimu. Jaribu Anki, programu ya kadi za kujikumbushia maneno. Kwa Android ni bure, na kadi zikishaingia kwenye simu haihitaji intaneti. Unatengeneza mwenyewe, Kiswahili mbele, Kitaliano nyuma, na sauti yako juu yake. Kadi uliyoikosa inarudi upesi. Uliyoijua inakaa siku kadhaa. Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha vipimo vyake vya kusahau tangu 1885, na mpangilio huu unatokana na fikra hiyo. Warushie faili kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu bila bando, pale pale darasani.

Nahodha_Mstaafu
Kadi peke yake hazimfungui mtu mdomo. Kila asubuhi tuma swali moja WhatsApp kwa sauti, "Quanto costa fino a Gede?", wajibu kwa sauti kabla ya magharibi. Inakula data kidogo mno kuliko video. Na wewe utasikia nani anasema capello (unywele) akitaka cappello (kofia). Hilo la kukaza herufi halionekani kwenye pointi za mtu.

Mwalimu_wa_Jioni
Shukran nahodha. Lakini nina watu wazima wanaoona haya kusikika mbele ya vijana.

Nahodha_Mstaafu
Hao wakutumie wewe faraghani.

Kijana_wa_Watamu
Mnajisumbua bure. Google Translate unapakua Kitaliano, inatafsiri hata bila mtandao. Kazi kwisha.

BintiMaweni
Kwa kusoma menyu, sawa. Lakini wazee wa Kitaliano wanaorudi kila mwaka wanataka porojo, na porojo ya kupokezana simu haina ladha. Hao wako huku tangu enzi za San Marco, kituo cha Waitaliano cha kurushia roketi kule Ngomeni, miaka ya 1960. Mwalimu, mwombe mmoja wao akurekodie sentensi, upate sauti ya mwenyewe.

Mwalimu_wa_Jioni
Hilo nimelipenda. Naanza na kadi na swali la asubuhi. Kuandika kadi kwenye simu kutanichosha vidole, kompyuta inawezekana?

BintiMaweni
Ndiyo. Andika kwenye Excel, hifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu), Anki ya kompyuta inazimeza zote kwa mpigo. Sauti ndizo utaziweka moja moja, kwa hiyo tayarisha kahawa.