MREJESHO: Bango la chuma limeshika kutu, tena ndani ya siku moja

Wakuu, narudi. Niliuliza namna ya kuharakisha kutu kwenye bango la chuma la mgahawa wa shemeji hapa Kirumba, Mwanza. Anataka lionekane la zamani.

Mliniambia maji ya ziwa hayatasaidia, kwanza nilikaidi. Wiki nzima nikalimwagia maji ya ziwa, nikaambulia madoa mawili matatu. Aliyesema ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi kama bahari ya Dar, alikuwa sahihi. Tena kulikuwa na lile gamba jeusi la kiwandani, linazuia maji kugusa chuma.

Jumamosi fundi akapiga grenda hadi chuma kikang'aa, nikaosha mafuta kwa sabuni. Nikapulizia siki, ikakauka juani, nikarudia mara tatu. Halafu haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda ya duka la dawa, nimekoroga na chumvi. Jamani! Ilichemka povu, na kabla sijafunga chupa rangi ya chungwa ilishaanza kutambaa kwenye herufi. Fanyeni nje, na glavu na miwani. Siki msiichanganye kabisa na dawa ya kung'arishia nguo, inatoa gesi ya klorini.

Fremu ndiyo imenigomea. Kumbe ni bomba lililopakwa zinki ya kuzuia kutu, nitaipaka rangi tu.

Bango nimelisuuza, likikauka vizuri napiga vanishi, maana kutu mbichi inaganda kwenye nguo. Shati la shemeji ni shahidi.