Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kusamehewa kosa zito bila kutegemea?

Binti Uyole: Habari za usiku wapendwa. Leo nilikuwa Mwanjelwa nanunua mchele. Muuzaji kanyanyua kisado, akamimina, na ule mlio wa punje ukanirudisha mwaka niliomaliza kidato cha nne. Mama mkubwa aliniachia meza yake siku 3, yeye akaenda msibani Kyela. Akaja mwanaume wa maneno mazuri, anapeleka mzigo Tunduma, atalipa jioni. Nikampa magunia 6 ya mchele wa Mbarali. Hakuonekana tena. Ule ndio ulikuwa mtaji wote, na nusu yake mkopo wa kikundi. Mama mkubwa aliporudi nilipiga magoti, sauti haikutoka. Alipoelewa, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kesho saa kumi na moja alfajiri uje ufungue meza." Ufunguo akauacha kwangu. Nyie yamewahi kuwakuta?

Kandekavu: Yalinikuta. Ngoja nipate nguvu ya kuandika.

Dereva Mstaafu: Mimi yalinikuta mlima Kitonga. Fuso imejaa nyanya za Ilula, nikateremka na fri, yaani bila gia, ili nibane mafuta niyauze. Breki zikachemka. Nikaliegemeza gari mlimani ndipo likasimama, nyanya zote mchuzi barabarani. Tajiri alikuja kutoka Iringa mjini, neno la kwanza, "Utingo yuko wapi?" Utingo alikuwa mzima. Nikamweleza ukweli wote, na wa mafuta. Baada ya miezi miwili akanipa gari lingine.

Mzee wa Hoja: Hiyo si huruma, gari lilikuwa na bima.

Dereva Mstaafu: Bima ndogo, mkuu. Gari alilitengeneza kwa mfuko wake. Usimseme mtu usiyemjua.

Mzee wa Hoja: Nafuta kauli.

Mnyalukolo: Kamwene wote. Nimesoma hapa mpaka ugali umepoa.

Mufindi, mwezi wa kumi, majani makavu kama karatasi. Baba alinituma nifyeke tu. Kuchoma tungechoma jioni upepo ukitulia, pamoja na majirani, kila mtu na tawi bichi mkononi. Mimi nilikuwa nawahi mpira. Saa saba mchana nikawasha njiti peke yangu.

Upepo ukageuka kutokea bondeni, moto ukaruka njia ya kuzuia moto ya mzee jirani, hatua tano nzima, aliyoifyeka kwa mikono yake. Moto ukiingia kwenye mipaini ya miaka 7 unapanda. Zinashika kwanza sindano kavu zilizolala chini, yanafuata matawi ya chini, halafu unasikia mlio kama mvua kubwa inayokuja juu ya bati. Ekari 2, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ni miti karibu 900. Alikuwa anaitunza imsomeshe mjukuu wake. Nilipiga moto kwa tawi mpaka tawi lenyewe likawaka. Kijiji kizima kilikuja.

Jioni niko ofisini kwa mtendaji, nimekaa chini, baba hanitazami. Kila mtu pale alijua hiyo ni kesi. Mzee akaingia na koti lake la baridi, uso umejaa masizi. Hakuketi. Alikuja akanishika viganja, akavigeuza kwenye mwanga wa taa. Vilikuwa vimetoka malengelenge. Akamwambia mtendaji, "Huyu apelekwe zahanati kwanza. Hayo mengine nitayamaliza na baba yake."

Hatukudaiwa shilingi. Baba alipeleka mbuzi, mzee akamrudisha na kamba yake. Mvua za Desemba zilipoanza akaniita. Miche aliyokuwa ameiotesha kwenye viriba ili auze ilikuwa imepangwa pembeni ya shamba lililoungua. Akanipa jembe. Mpaka leo hajawahi kuutaja ule moto mbele yangu.

Kandekavu: Nimelia mbele ya wateja.

Mama Tuli: Ndaga fijo kwa kutuandikia, mwanangu.

Mchana Mbao: Mimi nilichomewa Njombe, ekari 4, miti ya miaka 11. Aliyechoma hakuja hata kunipa pole. Sikumsamehe, na msinisukume.

Binti Uyole: Hakuna anayekusukuma, kaka. Pole sana. Na angekuja?

Mchana Mbao: Sijui. Nilikaa wiki nzima namsubiri, maneno nimeyapanga. Hakutokea.

Mzee wa Hoja: Mimi bado nasema Mnyalukolo alistahili faini. Vijana wakiona hivi kila mtu atawasha.

Mama Tuli: Faini ingeotesha mti gani? Kijana alipanda upya kwa mikono ile ile.

Dereva Mstaafu: Wenye mashamba, chomeni jioni, au alfajiri kabisa kukiwa na umande.

Mama Tuli: Msichome kabisa! Lundikeni majani yaoze, mtakuja kunishukuru kwenye mahindi.

Dereva Mstaafu: Mama, hekta nzima utalundika wapi?

Binti Uyole: Mnyalukolo, mzee yupo? Kama mbuzi alimkataa, mpelekee blanketi, baridi ya huko tunaijua.

Mnyalukolo: Yupo. Blanketi nilimpelekea, akalipokea. Ile mipaini naipogolea mimi kila Juni. Yeye anakaa kwenye kisiki cheusi, ananionyesha kwa fimbo matawi niliyoyaruka. Jumamosi nashuka Mafinga kumwona.

Mchana Mbao: Msalimie.