Mjadala: Deraya ya kifaru inapimika kwa picha na rula?

Mdadisi wa Mwanjelwa: Waheshimiwa, nimekutana na majedwali yanayodai kwamba uso wa mnara wa kifaru fulani cha kisasa, yaani ile sehemu ya juu inayobeba mzinga, ni sawa na milimita 900 za chuma cha pua, ilhali wenye kifaru hicho hawajatangaza lolote. Wakadiriaji hupima unene kwenye picha, wakakisia mwinamo, kisha wakazidisha. Je, hesabu hiyo ina maana yoyote?

Seremala wa Mafinga: Hesabu ya mwinamo ni ya kweli, wala haihitaji chuo. Asubuhi nimechukua ubao wa paini wa inchi moja, nikaulaza nyuzi 60 kutoka wima, nikautoboa kwa keekee niliyoishika mlalo; ncha ilipotokea upande wa pili ilikuwa imekula inchi mbili. Ndivyo ilivyo T-54, kifaru cha Wasovieti: bamba la juu la mbele ya bodi lina milimita 100 na limelala nyuzi hizo hizo 60, kwa hiyo risasi inayokuja mlalo inakutana na milimita 200.

Mstaafu wa Uyole: Kwa T-54 ni sawa, maana ni chuma kitupu. Lakini Wasovieti waliweka nyuzi za kioo katikati ya mabamba ya kifaru chao cha T-64, nao Waingereza walibuni deraya ya Chobham, yenye tabaka za vitu mbalimbali, katika miaka ya 1960, na tangu hapo rula hupima ganda tu. Tena mshale mrefu wa metali nzito unaorushwa na mzinga hauzuiliwi kwa namna ile ile inayozuia mchirizi wa shaba wa roketi, hivyo anayetaja namba moja hajasema ni dhidi ya kitu gani. Kusifia unene peke yake ni kama kusifia ukuta wa ngome ya Kalenga kule Iringa, ambao Wajerumani waliuangusha mwaka 1894.

Mnyalukolo: Shikamoo Mzee, lakini hapo umenigusa. Mbona umeiona Kalenga ukairuka Lugalo? Tarehe 17 Agosti 1891 Zelewski, kamanda wa Wajerumani, aliuawa pale pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na Wahehe hawakuwa nyuma ya ukuta wowote. Mkwawa, mtawala wa Wahehe mwenye ngome hiyo ya Kalenga, si mfano wa mtu aliyedanganywa na unene.

Mstaafu wa Uyole: Marahaba, mwanangu. Nimetaja ukuta, sikumtaja Mkwawa. Na hiyo Lugalo yako inanisaidia mimi, kwa sababu adui mwenye akili hapigi pale ulipojiandaa. Mwaka 2006 nchini Iraki roketi ilipenya sehemu ya chini ya mbele ya Challenger 2, kifaru cha Waingereza, na kumjeruhi dereva mguu. Ukubwa wa deraya ya mnara haukumfaa kitu.

Mdadisi wa Mwanjelwa: Samahani, mimi niliuliza kama inapimika, sikuuliza kama inafaa.

Seremala wa Mafinga: Inapimika kwa kubanwa na uzito, jambo ambalo wenye majedwali hulisahau. Mita moja ya mraba ya chuma chenye unene wa milimita 900 ina takriban tani 7, na Leopard 2A4 nzima, kifaru cha Wajerumani, pamoja na injini, mzinga na minyororo yake, ni kama tani 55. Kwa hiyo kama namba hiyo ni ya kweli, haitokani na chuma kitupu, na haiwezi kuwa imezunguka kifaru chote. Ubavu na mgongo lazima viwe vyembamba. Uzito hautakwambia kilichomo ndani, hasa kwa vifaru vya Marekani vya Abrams vilivyoanza kuwekewa metali ya urani kwenye deraya mwaka 1988, kwani urani ni nzito kuliko chuma zaidi ya mara mbili, lakini utakukatia uongo mwingi.

Mstaafu wa Uyole: Hapo naafiki, mradi tuseme ni kikomo, si kipimo.

Mnyalukolo: Nami naafiki kuhusu uzito. Ila Mzee hajajibu: huo ukuta wa Kalenga anaouita mnene ulikuwa na unene gani, na ameupima kwa picha ipi?