Gumzo la familia: gata imefurika na Baba anataka kupanda ngazi

*Alhamisi, jioni*

Baba: [picha] Haya ndiyo maji ya mvua ya leo. Yanamwagika katikati ya gata na kutiririka ukutani, upande wa chumba cha kulala. Bomba la kushusha maji halitoi hata tone. Majani yamejaa. Kesho asubuhi nachukua ngazi, nayamaliza.

Rehema: Shikamoo Baba. Nakuomba kesho usipande.

Baba: Marahaba mwanangu. Nisipande kwa nini? Ngazi ipo, na kazi yenyewe haizidi saa moja.

Rehema: Kesho asubuhi utakuwa peke yako nyumbani. Ardhi pale chini imelowa. Na dawa za presha unazotumia, ulisema mwenyewe kwamba ukiinuka ghafla kichwa kinazunguka. Ukiwa juu ya ngazi utaangalia juu na kushuka chini mara nyingi, na kizunguzungu hakitakusubiri ushuke.

Mama: Nimemwambia hayo hayo tangu alasiri. Labda atawasikia ninyi.

Baba: Mama Rehema, nimekusikia. Lakini ukuta nao unaloa. Tukingoja, rangi itabanduka na unyevu utaingia ndani.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, salaam. Mimi wanaoanguka kwenye ngazi nawapokea wodini. Hawatoki ghorofani. Wengi walikuwa wanafanya kazi ndogo ya nyumbani, mita mbili au tatu kutoka chini. Urefu huo unatosha kuvunja nyonga, kifundo cha mkono, hata uti wa mgongo. Na kwa umri wetu huu nyonga ikivunjika ni upasuaji na miezi ya kujifunza kutembea upya. Wako wasioweza kurudi walivyokuwa. Sikutishi kaka yangu, nakueleza ninachokiona kazini.

Mama: Asante wifi.

Mjomba Hamisi: Hamjambo nyote. Shemeji ana haki ya kuwa na haraka, hapo namuunga mkono. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Upande ule wa paa tuseme una mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,200 zinazokimbilia gata ile moja. Zisipopata bomba, zinashuka ukutani hadi kwenye msingi. Na gata iliyoziba ni mzigo mzito: ikiwa na upana wa sentimita 12 na kina cha sentimita 8, urefu wa mita 10 unabeba maji ya karibu kilo 96, mbali na matope. Vishikio vinalegea, gata inaning'inia, na ubao wa ukingo wa paa unaoza. Kwa hiyo kazi ifanyike wiki hii. Tunachojadili ni nani apande, na apandeje.

Juma: Mimi Jumamosi nipo. Nitapanda.

Rehema: Vizuri Juma, lakini si peke yako. Mjomba, utaweza kuja?

Mjomba Hamisi: Nitakuja. Nitashika ngazi.

Baba: Na mimi nitafanya nini, nitazame tu?

Mjomba Hamisi: Wewe shemeji utasimamia bomba la maji. Kazi ya kupima mtiririko inataka mtu chini anayeijua nyumba, na nyumba hii umeijenga wewe.

Baba: Sawa. Hapo nimekubali.

*Alhamisi, usiku*

Juma: Dada Rehema, niegemeze ngazi kwenye gata yenyewe? Ndiko kunakofikika.

Rehema: Hapana. Gata ni bati jembamba, au plastiki. Ikibonyea au ikiteleza pembeni, ngazi inaondoka nayo. Iegemee ukuta imara, chini kidogo ya gata. Kuna chuma cha kufunga juu ya ngazi, kina mikono miwili inayokaa ukutani, kwa hiyo ngazi inasimama mbali kidogo na gata na unapata nafasi ya kufanya kazi. Mjomba anacho.

Mjomba Hamisi: Ninacho, nitakuja nacho.

Rehema: Sasa mteremko. Kwenye mafunzo ya usalama kazini tunatumia kipimo cha 4 kwa 1. Kama ngazi inagusa ukuta kwenye urefu wa mita 3, miguu yake iwe sentimita 75 kutoka ukutani. Ikisimama wima kupita hapo inaweza kukuangusha kinyumenyume. Ikilala sana, miguu inateleza. Pale chini pamelowa, kwa hiyo weka ubao mpana, ule usioyumba, na miguu yote miwili ya ngazi ikae juu yake. Usisawazishe kwa vipande vya matofali.

Rehema: Kesho mchana ikague ngazi kabla ya kuihitaji. Angalia vidato vilivyolegea, nguzo zilizopinda, na mipira ya miguuni kama bado ipo. Ile ngazi ya mbao iliyopakwa rangi iacheni kabisa, rangi inaficha nyufa.

Juma: Ile ya alumini ni nzima. Lakini waya wa umeme unaingia nyumbani kwenye kona ya mbele, kule mwisho wa gata.

Rehema: Afadhali umelisema hilo sasa. Alumini inapitisha umeme, na mbao iliyolowa nayo inapitisha. Ngazi isikaribie waya ule chini ya mita 3, hata wakati wa kuibeba. Ibebeni ikiwa imelala, si wima. Na usijaribu kuisafisha kona ile kwa ufito mrefu wala kwa kurusha maji. Tuiache. Jumatatu nitawapigia watu wa umeme waje wakate kwa muda, ndipo tuikamilishe.

Baba: Itabaki chafu basi?

Rehema: Itabaki chafu hadi umeme ukatwe, Baba. Kona ile ndiyo ya juu kabisa kwenye mteremko wa gata, gata haianzii kuziba huko. Haiwezi kuzuia sehemu nyingine kufanya kazi.

Mama: Sioni ubaya. Iachwe.

Shangazi Mwanaidi: Juma, vaa glavu nene. Kingo za mabati zinakata, kuna misumari, na kwenye majani yaliyooza wanajificha nge na nyigu. Barakoa pia. Kinyesi cha ndege kikikauka na kuvurugwa kinatoa vumbi, na vumbi hilo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Yanyunyizie maji kidogo kwanza yalainike ndipo uyatoe. Na wifi, kwa siku hizi mbili angalia mbu. Maji yaliyotuama kwenye gata ni mahali wanapozaliana, hasa wale wanaosambaza dengi. Kwenye joto, yai linakuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi kidogo.

Mama: Kumbe. Mbu wa chumba kile tumewalalamikia muda mrefu, tukadhani wanatoka bustanini.

Mjomba Hamisi: Juma, jambo moja ambalo watu wengi hulikosea. Utakapoanza, anzia karibu na tundu la bomba la kushusha maji, lakini kwanza weka kitambaa au sponji kubwa kwenye tundu. Ukiacha wazi, matope yote unayoyakwangua yatashuka bombani, na kuzibua bomba ni kazi ngumu mara mbili ya kusafisha gata. Chota kwa mwiko mdogo wa plastiki, wa chuma unakwaruza rangi na bati linaanza kutu. Ndoo ining'inie kwenye ngazi kwa kulabu, mkono mmoja ubaki huru kushika ngazi.

Rehema: Huo mkono mmoja ndio uhai wako. Miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, wakati wote. Na kitovu chako kisitoke nje ya nguzo mbili za ngazi. Ukiona majani yako mbali kidogo na mkono haufiki, shuka uisogeze ngazi. Najua utachoka kupanda na kushuka. Panda tu na ushuke. Ajali nyingi za kazi hii zinatokea pale mtu anapojinyoosha kufikia "pale kidogo tu".

Juma: Nimeelewa. Paani nisikanyage?

Mjomba Hamisi: Paani usiende kabisa, hakuna kazi yoyote huko. Na zile karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga kule nyuma zimechakaa na jua, haziwezi kubeba mtu. Tena niseme kwa wote waliomo humu, maana wengine nyumba zao ni za zamani: paa au gata ya asbesto usiikwangue ikiwa kavu, usiipige maji ya msukumo mkubwa, na usiikanyage. Inavunjika chini ya mguu, na nyuzi zake zikiruka hewani zinadhuru mapafu. Hiyo itafutiwe mtu aliyefunzwa.

Baba: Juma, kabla hujamwaga maji, tenganisha bomba linaloingia kwenye tangi. Sitaki uchafu wa gata kwenye maji tunayotumia.

Mjomba Hamisi: Hilo nilikuwa nalisahau. Asante shemeji.

*Jumamosi, asubuhi*

Mama: Kumekucha kukavu, upepo hakuna. Mjomba wenu amefika.

Rehema: Viatu, Juma?

Juma: Vya kufunga, soli ya mpira yenye meno. Sikuvaa kandambili dada, usijali.

Baba: Mlango wa pembeni nimeufunga kwa ufunguo, ngazi imesimama mbele yake. Watoto wa jirani nimewaomba wacheze upande mwingine.

Rehema: Asante Baba. Mlango ule sikuufikiria.

Juma: [picha] Ndoo ya kwanza. Majani juu, chini yake matope meusi, na mche wa mti umeota humo humo.

Shangazi Mwanaidi: Barakoa iko usoni au kidevuni?

Juma: Usoni, Shangazi.

Mjomba Hamisi: Anafanya vizuri. Amepumzika mara mbili. Miguu ikichoka kwenye vidato inaanza kutetemeka bila mtu kujua, kwa hiyo kila nusu saa namshusha.

Juma: Gata imekwisha, isipokuwa kona ya waya. Baba amefungua maji, lakini bomba bado halitoi.

Mjomba Hamisi: Limeziba kwenye kona yake, pale linapopinda kufuata ukuta. Nimeligonga kwa kiganja kutoka juu kwenda chini: palipo wazi panatoa sauti ya uvungu, palipoziba panatoa sauti nzito. Tumeingiza mpira wa maji kutoka chini, tukausukuma juu taratibu. Maji yasiwe na nguvu nyingi, viungo vitaachana.

Baba: [picha] Kiota cha ndege, kikuukuu. Kilikuwa kimekaa kwenye kona kama kizibo cha chupa. Sasa maji yanatoka kwa kishindo.

Mama: Alhamdulillahi.

Baba: Lakini nimeona kitu. Nimemwaga maji toka upande wa juu, yakaenda vizuri, kisha katikati yakasimama. Yametulia kama dimbwi, karibu mita moja. Ndipo palepale yalipokuwa yanamwagikia ukutani siku ile.

Mjomba Hamisi: Shemeji ameona sawasawa, na hili ndilo lililokuwa tatizo kubwa. Kishikio kimoja kimelegea, screw haishiki tena kwenye mbao iliyolainika, gata imelegea hapo na kutengeneza bonde. Majani yanatuama bondeni, yanakusanya mengine, na mwisho yanaziba. Tungesafisha tu bila kupima maji, baada ya mvua chache tungerudi palepale. Gata inataka mteremko mdogo tu, sentimita 1 kwa kila mita 3 inatosha, ila uwe wa mfululizo bila bonde.

Rehema: Mmekirekebisha?

Mjomba Hamisi: Nimepanda mimi, Juma akashika ngazi. Nimehamisha kishikio sentimita chache hadi kwenye mbao ngumu, nikaweka screw ndefu zaidi. Baba yenu akamwaga maji tena: yamekwenda moja kwa moja. Ubao wa ukingo una kipande kilichooza cha urefu wa kiganja. Hakina haraka, ila mwezi ujao kibadilishwe.

Mama: Ule ukuta wa ndani niupake rangi lini?

Mjomba Hamisi: Dada, subiri ukauke kabisa. Fungua madirisha, uache hata wiki kadhaa. Ukipaka juu ya unyevu rangi itavimba na kubanduka.

Shangazi Mwanaidi: Juma nawe ukanawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Juma: Naenda. Je, tukiweka wavu juu ya gata hatutasafisha tena?

Mjomba Hamisi: Utasafisha, ila mara chache. Wavu unazuia majani makubwa, lakini majani yanakaa juu ya wavu na udongo mwembamba unapita. Nyumba yenye mti jirani iangaliwe angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua kuanza na baada ya majani kupukutika. Kuangalia tu hakuhitaji ngazi: funga simu kwenye ufito mrefu, mbali na waya, upige video.

Baba: Hiyo naiweza. Nitaifanya mimi kila mwanzo wa mwezi, niwatumie humu. Na tawi la mti lililoinamia paa?

Rehema: Baba, si kwa ngazi. Msumeno mkononi, tawi linaanguka, ngazi inaegemea mti unaotikisika. Hilo ni la mkata miti.

Baba: Nimesema nalifikiria, sijasema napanda. Mtafuteni huyo mkata miti. Juma, bomba la tangi lisirudishwe leo, mvua ya kwanza ioshe paa kwanza, kisha nitaliunganisha. Na ngazi rudisha stoo, uilaze.

Rehema: Jumatatu saa mbili napiga simu kwa watu wa umeme. Nitawajulisha siku watakayosema.