Mjadala: Plastiki idhibitiwe kwenye tanuru au jalalani?

Wadau, mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu mkataba wa plastiki yalimalizika Geneva Agosti 2025 bila mwafaka. Moja ya mambo yaliyowagawa ni hili: uzalishaji uwekewe kikomo, au tushughulike na taka tu? Wanaopinga kikomo wanasema urejelezaji ukiboreshwa utatosha. Mimi nasema hautoshi, na sababu yangu imo kwenye kemia yenyewe.

Tuanzie kwenye tanuru, ambako malighafi ya plastiki huzaliwa. Nafta iliyotengwa na mafuta ghafi huchanganywa na mvuke, ikapitishwa kwenye mabomba yenye joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi. Hukaa humo chini ya sekunde moja, kisha hupozwa ghafla, maana ikichelewa hujenga masizi ndani ya bomba. Minyororo mirefu ya kaboni hupasuka, na kati ya vipande hivyo hupatikana etheni, alkeni ndogo kuliko zote: kaboni mbili zilizoshikana kwa muungano maradufu. Aliyewahi kupitisha gesi hii kwenye maji ya bromini ameona ile rangi ya chungwa ikififia mpaka maji yakabaki bila rangi kabisa. Muungano ule uko tayari kufunguka na kushika chochote kilicho karibu.

Kwenye kutengeneza polithini, plastiki ya mifuko, kila etheni hufungua muungano wake wa pili ili imshike jirani, maelfu kwa maelfu. Ule wepesi wa kushikana unaishia hapo. Kikemia, polithini ni alkani ndefu mno, yaani mnyororo wa kaboni na hidrojeni usio na muungano maradufu, ndugu wa nta ya mshumaa, na kwa urefu huo vijidudu huila kwa shida sana. Ukiipasha joto pasipo hewa haifunguki kiungo kimoja kimoja. Inakatika ovyo na kutoa mchanganyiko wa gesi, mafuta na nta. Ukitaka etheni, sehemu kubwa ya mchanganyiko huo lazima irudi kwenye tanuru lilelile, kwa moto uleule.

OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ilikadiria kwamba mwaka 2019 dunia ilitumia tani milioni 460 za plastiki, na asilimia 9 tu ya taka zake ndizo zilizorejelezwa.

Sisemi tanuru zizimwe. Bomba la sindano, mfuko wa damu, bomba la maji safi: hivyo navitetea. Kikomo kianze na vya kutumia mara moja na kutupa. Kuna wanaosema tuchukue etheni kutoka kwenye ethanoli ya miwa. Inawezekana, na inapunguza mafuta ghafi, lakini polithini yake ni ileile na itaelea baharini vilevile.

Kwa hiyo mnaoamini urejelezaji peke yake, naomba jibu la swali moja: taka zikija zimechanganyika na PVC, plastiki yenye klorini ambayo ikipata joto hutoa asidi ya hidrokloriki inayokula mitambo, mtazitenganisha vipi kwa mamilioni ya tani?